Insha tano za wenzake na moja yake: kisa cha tamupepa ya usiku mmoja

Kijana aliingia kwangu Migosi Jumapili saa moja usiku, begi mgongoni, chaja mkononi, na uso wa mtu anayetoka matangani. Ni mtoto wa kaka yangu. Amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo mimi humwita Baba na yeye huniita waya, ndivyo tunavyowaita mashangazi wa upande wa baba huku Kisumu. Yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja, anasomea mambo ya mazingira. Alisema hosteli yao haina stima. Baadaye nilikuja kujua kwamba stima ilikuwepo. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye.

"Waya, nina tamupepa ya kesho saa mbili asubuhi."

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza jalada."

Tamupepa ni insha ndefu ya muhula chuoni. Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina. Nimefundisha Kiswahili shule za upili miaka kumi na tisa, na insha nilizosahihisha ni nyingi kuliko sahani za ugali nilizokula. Nikisikia mwanafunzi amechelewesha kazi, neno linalonitoka ni uvivu, hata kabla hajamaliza kujieleza. Usiku ule neno hilo lilinishinda kulitumia.

Hali ya kazi yenyewe

Alikuwa amepewa wiki saba. Mada ilikuwa gugu maji katika Ghuba ya Winam, ile sehemu ya Ziwa Victoria iliyo hapa kwetu Kisumu, maneno 2,500, alama 20 kati ya zile 30 za muhula, maana 70 ni za mtihani. Kazi ipandishwe kwenye mtambo wa chuo kabla ya saa mbili kamili. Baada ya hapo mtambo hujifunga wenyewe, na mhadhiri hapokei simu.

Alifungua laptopu mezani, kando ya sahani ya sukuma. Siwezi kusema uongo, jalada lilikuwa zuri. Nembo ya chuo katikati, mpaka wa mistari miwili, jina lake kwa herufi kubwa, nambari ya usajili, tarehe. Tarehe hiyo alikuwa ameibadilisha mara nne, kila alipoketi akijiambia leo ndiyo leo. Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi moja kwa Kiingereza, maana kazi zao ni za Kiingereza: gugu maji ni mmea unaoelea juu ya maji. Basi. Kishale kilikuwa kinapepesa mbele ya nukta. Faili yenyewe ilikuwa na ndugu zake wawili, "tamupepa mpya" na "tamupepa mpya mwisho", na zote zilikuwa jalada tupu. Kwenye foda kulikuwa na makala 27 alizopakua. Alizozifungua ni tatu.

Wiki saba zilikwenda wapi

Nilidhani ni mpira, au simu, au msichana. Nikamwuliza bila ukali, akasita kidogo, kisha akanionyesha. Katika wiki hizo saba alikuwa ameandika insha tano, tena ndefu, lakini hakuna hata moja iliyokuwa yake. Kama vijana wengi wa vyuo hapa Kenya, anaandika kazi za wanafunzi wa ng'ambo kwa malipo. Wenyewe husema "kuraita", na kazi moja ni "oda". Mwenye akaunti ni mtu mwingine, amemtangulia chuoni, anapokea oda za Marekani na Uingereza, anakata chake, kisha anawagawia wadogo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 oda zimepungua na bei imeshuka, lakini kwa kijana anayedaiwa kodi ya bedsita, zilizobaki si za kuchezea.

Siipendi biashara hiyo na yeye anajua. Kule England, kuiuza au kuitangaza ni kosa la jinai tangu 2022. Linaloniuma mimi si sheria ya watu wa mbali bali kwamba mtoto wetu anapewa kalamu nzuri halafu anaizoesha kuandika chini ya jina la mwingine. Hata hivyo kisa hiki hakielezeki ukiziacha oda, kwa sababu zote tano zilifika kwa wakati. Moja ilikuwa ya uuguzi, kurasa sita, alipewa saa kumi na mbili akaimaliza kwa tisa. Hajui hata kupima presha ya mgonjwa.

Mtu wa namna hiyo utamwitaje mvivu?

Oda na tamupepa

Niliomba anionyeshe oda moja jinsi inavyofika. Ilikuwa mistari minane hivi. Swali ni hili. Kurasa ni tano. Marejeo yasipungue sita, ya miaka mitano iliyopita. Mwisho ni saa fulani, ukichelewa unakatwa. Mhusika anataka upande mmoja utetewe, si pande zote mbili. Mtu akiisoma anajua mlango uko wapi na ukuta uko wapi.

Tamupepa yake ilikuwa mstari mmoja: jadili gugu maji katika Ghuba ya Winam. Hilo si swali, ni ziwa. Mmea ulitoka Amerika Kusini, sawa. Kwenye upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ulionekana mnamo 1990. Unafunga gati, unanasa nyavu, unaficha konokono wa kichocho, unakosesha samaki hewa. Mito kama Nyando inauletea mbolea kutoka mashambani, na mji unauongezea maji taka. Kila unachogusa kina mkia mrefu. Kijana alipoketi alikutana na ziwa zima, na dawa yake ikawa kupakua makala nyingine, maana kupakua kunafanana sana na kusoma.

Jambo la pili ni lile jina kwenye jalada. Kwenye oda hakuna jina lake. Insha ya uuguzi ikipata sifuri, aibu ni ya mtu wa Texas. Kwenye tamupepa jina lilikuwa pale kwa herufi kubwa, na mhadhiri huyo aliwahi kumsifu mbele ya darasa muhula uliopita. "Waya, nikiandika ovyo atasema kumbe ile ilikuwa bahati." Aliisema akiangalia sukuma.

Watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni njia ya kujituliza moyo kwa muda mfupi. Mtu hakimbii kazi, anakimbia hisia inayokuja na kazi. Nilikuwa nimelisoma hilo nikalichukulia kama maneno ya semina. Pale mezani nikaliona: kila alipobadilisha tarehe ya jalada alipata nafuu ya siku kadhaa, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuwa inamla.

Alikuwa pia na ule msemo wa wanafunzi wote, kwamba yeye hufanya vizuri akiwa na presha. Nimeusikia hadi nimeuchoka. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi kwa muhula, wakachapisha mwaka 1997: wanaoahirisha walikuwa na raha kuliko wenzao mwanzoni, lakini mwishoni walikuwa na wasiwasi zaidi, waliugua zaidi, na alama zao zilikuwa chini. Baba alinijibu kwamba hao ni Wazungu. Nikamwambia na homa yake ya muhula uliopita ilikuwa ya Kizungu?

Saa tatu hadi saa sita

Nilimwuliza kazi itamchukua muda gani. "Saa nne. Saa saba nitakuwa nimelala." Alijibu kwa uhakika wa dereva wa matatu anayesema gari limejaa, bado mtu mmoja tu.

Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 1994 ninaoupenda kwa sababu ya tarakimu zake. Wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu waliulizwa watamaliza kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema 33.9. Wakaambiwa haya, kadirieni kila kitu kikienda mrama, wakasema 48.6. Walimaliza kwa 55.5. Yaani hata mabaya waliyojiwazia yalikuwa na matumaini.

Kati ya saa tatu na saa tano na nusu aliandika aya mbili kuhusu Amazoni akazifuta. Alipanga upya makala zake 27 kwa alfabeti. Alitengeneza chai ya rangi, akaja kuniuliza kama nina majani ya mchaichai. Halafu stima ikapotea, mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja.

Tuliwasha tochi ya simu yangu, tukaiweka mezani ikitazama juu, na juu yake chupa ya maji ili mwanga usambae. Laptopu ilikuwa na asilimia 64. Intaneti ilitoka kwenye simu hiyohiyo, na data zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Mbu wakaingia.

Saa sita kasoro akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ameiuliza ChatGPT. Nikasogea kusoma. Kurasa tatu kwa dakika moja, laini kama uji wa mgonjwa, hakuna sentensi ya kubishana nayo. Kila athari ilikuwa "kubwa" na kila hatua ilikuwa "muhimu". Mwishoni kulikuwa na marejeo manne. Tulitafuta la kwanza: jarida lipo, makala haipo. La pili, mwandishi yupo ila anaandika habari za misitu. Alizifuta zote mwenyewe, sikumwambia. Nadhani ilikuwa fahari ya fundi. Anayeandika kwa kulipwa anaitambua kazi ya kulipua.

"Nitumie oda"

Hapo ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. "Baba, nitumie oda."

"Oda gani?"

"Mimi ni klayenti. Hii kazi ni yangu. Niandikie oda yake kama vile imetoka Texas."

Alicheka, mara ya kwanza tangu aingie. Akaandika: jadili gugu maji katika Ghuba ya Winam. Nikamrudishia, klayenti hawezi kulipia ziwa lote. Akaandika: eleza athari za gugu maji kwa wavuvi. Nikamwuliza umeongea na mvuvi gani? Kimya. Akarudi kwenye zile makala tatu alizowahi kufungua, akapekua kwa dakika kama kumi, halafu akaacha kupekua. Nilimwona mgongo ukinyooka.

"Waya, hawa watu wanagombana."

Ugomvi wenyewe ni huu, na ni mzuri. Mwaka 1998 picha za setilaiti zilionyesha gugu limefunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Miaka miwili baadaye lilikuwa karibu limekwisha. Nani alilimaliza? Mwaka 1997 watafiti walikuwa wameachilia fukusi, vidudu vinavyokula gugu maji na kuacha mimea mingine, vilivyoletwa kwa kazi hiyo. Lakini mwaka huohuo mvua za El Niño zilianza, zikaendelea hadi 1998, na zilikuja na mawingu, mafuriko na mawimbi. Kundi moja la wanasayansi linasema ni fukusi: mmea uliotobolewa hupoteza nguvu ya kuelea, wimbi likija linauzamisha. Jingine linasema mawingu yalipunguza mwanga na dhoruba zikaipasua ile mikeka, fukusi walikuta kazi imefanyika. Halafu baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 gugu likarudi kwa kishindo, maana mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja.

Akaandika oda: fukusi au El Niño, nani alipunguza gugu la Winam kati ya 1998 na 2000, na jibu lina maana gani kwa fedha zinazotumika leo. Kurasa nane. Mwisho saa mbili asubuhi. Faini: kurudia somo.

Saa saba kasoro dakika kumi alianza kuandika, na hakuuliza tena habari za mchaichai.

Watu wakisimuliwa kisa hiki husema usiku ulimpa akili. Sikubali. Hakuna alichokijua saa saba usiku ambacho hakikuwa kwenye foda yake wiki tano nyuma. Usiku ulimnyang'anya nafasi ya kuandika kila kitu, na kazi iliyobaki ikawa ndogo ya kutosha kushikwa. Hilo lingeweza kufanyika Jumanne moja mchana, stima ikiwepo.

Saa tisa na fukusi waliogeuka mvua

Hadi saa tisa alikuwa na maneno 1,300, na mengi yalikuwa mazuri. Kisha nikasoma aya mpya nikakuta kwamba fukusi "walizaliana haraka hadi wakawa El Niño". Nikaisoma kwa sauti. Akabisha kwanza kwamba hakuandika hivyo, akaangalia, akashika kichwa. Alikuwa ameamka tangu saa moja asubuhi, saa ishirini zimepita. Mwaka huohuo wa 1997 jarida la *Nature* lilichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za mikono na macho kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa hiyo kijana wangu alikuwa amelewa, na hakuwa amenunua hata chupa.

Nilimlaza kwenye kochi dakika arobaini. Aliapa hatalala, akakoroma kabla sijamaliza kukunja leso ya kumfunika. Nilikaa na laptopu yenye asilimia 19, nikiogopa kuigusa. Stima ilirudi saa kumi kasoro robo, friji ikaguna, nikamwamsha.

Saa kumi na mbili maneno yalikuwa 2,180 na hoja ilikuwa imefungwa: yeye alisimama na fukusi, lakini akasema bila yale mawimbi wangechukua miaka zaidi. Alidhani amemaliza. Hapo marejeo yakamtoa jasho. Hakuwa ameandika popote tarakimu gani ilitoka makala gani, kwa hiyo saa nzima na zaidi ilikwenda kutafuta sentensi moja kwenye kurasa mia na kitu. Kama kuna saa ya usiku ule ninayoweza kuiita ya kupotea bure, ni hiyo, na ilikuwa asubuhi.

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili alibadilisha tarehe ya jalada kwa mara ya tano. Akapandisha kazi. Kumbe darasa zima lilikuwa linapandisha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Tulisimama wawili mbele ya kioo kidogo kama watu wanaongoja penalti. Saa mbili kasoro dakika tatu ikatokea alama ya kijani.

Yaliyofuata

Alipata 13 kati ya 20. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba swali ni zuri kuliko majibu mengi aliyosoma, kisha akauliza: wenyeji wanasemaje? Dunga, ufuo wa wavuvi, iko dakika ishirini kwa bodaboda kutoka hosteli yake. Kwa wiki saba ilikuwa palepale, na wavuvi wake walikuwepo mwaka 1998. Wengine walivuta mitumbwi juu ya gugu hilo kwa kamba. Usiku huwezi kumwamsha mzee umwulize habari za fukusi.

Kaka yangu alitaka kumpigia simu amkaripie. Nilimwomba aache. Sababu yangu ni utafiti mwingine wa Kanada, wa 2010: wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwenye wa pili. Kaka akasema mimi ninamdekeza. Huenda.

Na mimi nina langu. Jumatano iliyofuata nilifungua daftari langu la mada za insha za kidato cha tatu. "Mazingira." "Teknolojia." "Ufisadi nchini." Mwalimu mzima, miaka kumi na tisa, nimekuwa nikiwapa watoto ziwa zima kisha nawaadhibu kwa kuzama.

Jumamosi mbili baada ya alama kutoka, simu ikalia. Nilisikia upepo, kuku, na mtu akipiga nyundo kwenye mbao.

"Waya, niko Dunga. Kuna mzee hapa nimemwuliza kuhusu 1998."

"Anasemaje? Fukusi au mvua?"

"Anasema hao wote wawili walikuta upepo ndio mwenye ziwa. Asubuhi ukiamka gugu liko kwenu, jioni liko Homa Bay, wanaopima wanapima lililobaki." Akanyamaza kidogo. "Waya, mtambo unaweza kufunguliwa niongeze aya moja?"

Nikamwambia mtambo umefungwa, aandike tu jina la mzee na tarehe kabla hajasahau.